Taa ya Chumba cha Giza

Arafa Makame alipiga magoti nyuma ya mlango uliofungwa, akainama mpaka shavu likagusa sakafu. Chumba kilikuwa kiza kitupu, maana taa zote alikuwa amezizima mwenyewe. Chini ya mlango palionekana mstari wa mwanga kutoka ushorobani, mwembamba kama uzi wa kudarizi. Akautazama. Hakujikuna, hakukohoa. Kitambo kidogo, mstari ukazimika wenyewe.

"Rashidi," aliita. "Umegusa swichi huko nje?"

"Sijagusa kitu, dada. Taa za huku ndivyo zilivyo. Asipopita mtu zinalala."

"Hebu tembea."

Viatu vya Rashidi vikalia kwenye marumaru, na mstari ukarudi. Akasimama. Baada ya kitambo ukafa tena.

"Khalas, inatosha," alisema Arafa. Aliwasha taa nyeupe ya dari, akajipangusa magoti, la kulia kwanza kisha la kushoto, akafungua mlango.

Kabla ya kuja Doha, Arafa alikuwa sajini wa polisi Unguja, upande wa upelelezi. Sasa alikuwa mkaguzi wa kampuni ya ulinzi iliyokodiwa na kituo hiki cha utafiti, huku Lusail, kandokando ya Doha, na kitu kikiharibika kituoni yeye ndiye huitwa kabla ya kuitwa polisi. Safari hii kilichoharibika ni seli. Rafu nzima za visahani vyenye seli hai za moyo, zilizokuzwa kutoka kwenye ngozi ya mtoto mgonjwa, ziliachwa nzima Alhamisi mchana, zikakutwa zimekufa Jumapili asubuhi wiki ya kazi ilipoanza. Zilikaa ndani ya kabati la joto lenye mlango wa kioo, na hazikutakiwa kuona mwanga wowote ila wa taa nyekundu, ambayo haizimwi. Na kadi iliyofungua mlango wa chumba mwisho Alhamisi, na tena mwanzo Jumapili, ilikuwa moja: ya Nyaboke Onsongo, fundi wa maabara, Mkenya.

Lilikuwapo jambo jingine. Nyaboke alizoea kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga yake. Aliikunja mara nne, akaibana kwa selotepu upande wa ndani, ili mlango ukijifunga kanga iburutwe na kukaa mahali pake. Jumapili kanga haikuwa mlangoni. Ilikuwa juu ya msumari, imekunjwa vizuri kama nguo ya kabatini. Ofisi ya utumishi ikasema ameiondoa makusudi ili mwanga uingie. Sababu waliitaja pia: wiki mbili nyuma Nyaboke aliomba ruhusa ya kwenda kumzika mama yake, akanyimwa.

Tiketi ya kumrudisha kwao ilishakatwa, ya usiku wa leo Jumatatu. Bwana Mwaura wa utumishi angetia saini saa tisa alasiri, na karatasi ingesema hujuma. Mwenye neno hilo kwenye karatasi yake hapati tena maabara ya kumpokea, hapa wala kwao.

"Sasa hapo umepata nini, dada?" aliuliza Rashidi. Alikuwa mlinzi wa ghorofa hii, kijana mrefu wa Tanga, kola ya shati lake imepigwa pasi mpaka inang'aa.

"Nimepata kwamba upenyo huu peke yake hauui kitu. Ijumaa na Jumamosi nani anapita huku?"

"Sisi walinzi tu, kwenye mzunguko."

"Basi mwanga uliopita hapa chini ni wa muda wa kupenga pua. Twende kwa Nyaboke."

Nyaboke aliketishwa kwenye chumba cha chai, begi lake limesimama baina ya miguu. Mbele yake palikuwa na kikombe cha karatasi cha chai ya maziwa, juu imeshika utando. Arafa akamwacha Rashidi mlangoni, akaketi upande wa pili wa meza.

"Habari za tangu jana, mdogo wangu?"

"Nzuri tu."

"Chai hujainywa."

Nyaboke alikitazama kikombe. "Nilidhani nimeinywa."

"Alhamisi ulitoka saa ngapi?"

"Niliwahi basi ya kwanza ya wafanyakazi, ile ya saa tisa."

"Na kanga?"

"Leso? Niliiacha kwa mlango. Nimeibandika na selotepu, mlango ukajifunga, leso ikafuata. Kila siku ni hivyo."

"Una hakika na Alhamisi?"

"Nilivuta mlango nikasikia umekazana. Leso ikikosa, huo mlango unagonga."

Arafa aliitikia kwa kichwa taratibu. "Nani mwingine anaweza kuingia mle?"

"Wa maabara tuko na kadi. Ufunguo wa chuma ni wa walinzi na watu wa matengenezo, sababu ya moto. Ufunguo hauandiki jina la mtu kwa kompyuta."

"Taa nyekundu ilikuwaje?"

"Ilikuwa inacheza-cheza tangu Jumatano. Nilipigia matengenezo simu, wakasema watakuja."

"Walikuja?"

"Sijui. Jumapili ilikuwa inawaka poa."

"Jumapili uliona nini?"

Nyaboke alijibu kama anayesoma bei dukani. "Nilichukua kisahani nikakiweka kwa darubini. Seli za moyo hupiga. Unaziona zikiruka-ruka, hata kama hakuna mtu amezigusa. Hazikuwa zinapiga. Nikachukua kingine. Nikampigia Dokta Gakii. Nikaosha mikono."

"Utumishi wanasema ulikuwa na hasira ya mama."

"Hasira ingekuwa kitu." Aligeuza kiganja juu ya meza, akakiangalia. "Tangu wanipigie simu ya mama mimi sijasikia chochote. Hata hii mkono, naiona tu ni mkono."

"Unataka nimwambie nini Mwaura?"

"Mwambie vile utapata."

Arafa alichukua kile kikombe, akakimwaga kwenye sinki, akamtilia kingine cha moto. Hakungoja kuona kama kitanyweka.

Ushorobani Rashidi alimfuata, mikono nyuma. Taa zikawaka mbele yao moja baada ya nyingine.

"Amesemaje?"

"Amejibu alichoulizwa."

"Hawa Wakenya, bwana. Kimya kama maji ya mtungi. Mdomo wake wote kaumalizia kwenye kanga: Mnune msinune, kwangu hatoki. Haya, leo anayetoka ni yeye."

Arafa hakugeuka. Alikwenda mpaka kwenye meza ya walinzi, akavuta kiti, akaketi. Akamwonyesha Rashidi cha pili.

"Kaa."

"Nina mzunguko, dada."

"Mzunguko utakungoja. Kanga hiyo umeisoma wapi?"

"Si ndiyo hiyo ya kesi, iliyokutwa msumarini Jumapili?"

"Jumapili niliitoa msumarini mimi, kwa mkono wangu. Ilikunjwa, maneno yapo ndani. Nikaitia kwenye mfuko, nikaufunga, nikatia saini juu ya gundi. Hata mimi sijaikunjua. Jina la kanga hiyo ndiyo kwanza nalisikia, na nimelisikia kwako."

Rashidi alinyoosha kola yake, nayo haikuwa na kasoro. "Watu wa Tanga tuna macho."

"Ya kupita kitambaa kilichokunjwa mara nne?"

Lifti ilifika, ikafunguka, hakutoka mtu, ikajifunga.

"Ijumaa," alisema Rashidi. "Baada ya kutoka kuswali. Nilikuwa kwenye mzunguko nikasikia kabati lao linalia, pii, pii. Sisi tumeambiwa likilia uingie, ubonyeze kitufe linyamaze, ndani kuna maji yake yamepungua. Nikafungua kwa ufunguo. Buti langu likanasa kwenye kitambaa, selotepu ikang'oka. Nikatazama: kanga ya mtu. Nikasema astaghfirullah, nimeikanyaga. Nikaiokota, nikaikung'uta, nikaikunjua. Wewe kanga ukiiokota husomi?"

"Nasoma."

"Basi nami nikasoma. Nikacheka peke yangu. Nikasema hatoki nani humu, friji? Nikabonyeza kile kitufe, nikaikunja kanga, nikaitundika. Kuirudisha pale chini nikaona vibaya, nguo ya mwanamke kuburutwa sakafuni kama tambara."

"Jumapili ukasikia kuwa kesi yote ni kanga kuwa msumarini."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza jana. Leo asubuhi umesimama nyuma ya mlango, unanitembelea nipime mwanga, umenyamaza."

"Kibali changu kinakwisha mwezi ujao, dada. Wanahuisha au hawahuishi. Nilisema yule tayari ameshakatiwa tiketi."

Arafa alivuta karatasi moja karibu. "Mle ndani uliwasha taa nyeupe?"

"Aka. Mlangoni pameandikwa usiwashe."

"Simu? Tochi?"

"Simu tunaziacha hapa mezani, wewe ndiye uliyeweka amri. Tochi sikuihitaji. Ile nyekundu yao iliniangazia vizuri."

"Vizuri kiasi cha kusoma kanga."

"Herufi zote. Mpaka ile n ya mwanzo iliyofifia kwa kufuliwa."

Arafa alimsogezea karatasi na kalamu. "Yaandike kama ulivyoyasema, utie saini."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeziua?"

"Upenyo hauui, nimekwishakwambia. Andika."

Kanga ikawa imetoka kesini. Seli, lakini, zilikuwa bado zimekufa, na Mwaura angesema kanga au pasi kanga, kadi ni ya Nyaboke. Arafa alichukua mfuko wa kanga ofisini kwake, akaenda chumba cha giza cha pili, jirani na kile cha kwanza, alikokuwa Daktari Gakii. Akabisha, akasubiri kijitaa cha juu ya mlango kigeuke kijani, akaingia.

"Funga mara moja," alisema Gakii. Alikuwa mwanamke wa Meru, mfupi, miwani imepanda kwenye nywele. Ndiye aliyeongoza utafiti huu, na zilizokufa zilikuwa zake. Seli za chumba hiki tu ndizo zilizobaki, na zilikuwa chache. "Nikitoka sasa nitapoteza hizi pia. Ongea nikifanya."

Ndani palikuwa pekundu tupu. Glavu, kuta na meno ya Gakii vyote vilikuwa rangi moja.

"Nieleze tena, Daktari, polepole. Hizo protini zinafanya nini?"

"Tuseme ndani ya seli kuna ujumbe unapita. Kua, gawanyika, ishi, kufa. Kwa kawaida ujumbe unaanzia nje, homoni inakuja inagonga kwa ukuta wa seli. Mimi sitaki kungoja homoni. Nimechukua protini mbili za mmea, gugu tu la kando ya njia, nimeziweka ndani ya seli. Mwanga wa bluu ukizipiga, zinashikana. Zikishikana, ujumbe unaondoka. Nikizima, baada ya dakika kadhaa zinaachiliana, ujumbe unakoma. Kwa hivyo ninaongoza kitu kilicho ndani ya seli kwa kuwasha na kuzima taa, bila tone la dawa."

"Na nyekundu?"

"Nyekundu haziioni. Kwao hii ni giza. Ndio unaona tunafanya kazi humu bila kugongana."

"Bluu ikiwaka siku mbili bila kuzimwa?"

Gakii alifunika kisahani kabla ya kujibu. "Ni kama mtu akuite jina usiku kucha. Utaitika, utaitika. Baadaye utaanguka. Hata bluu kidogo inatosha, bora isikome."

"Ingetoka wapi?"

"Hapo ndipo ninakwama. Nilifikiria simu yake. Simu ikiachwa ndani ikiwaka."

"Simu yake tumeikagua. Ilikuwa naye Fereej Bin Mahmoud, anakokaa, siku zote mbili." Arafa aliuweka mfuko juu ya meza tupu, akaangalia saini yake juu ya gundi, ikiwa haijaguswa, akaukata. Alitaka kupima urefu wa kanga na upana wa mlango, aandike na hilo, kwani alizoea kuandika kila kitu. Akaikunjua.

Ilikuwa nyeupe. Nguo tupu, mistari miwili myeusi ya pindo na hakuna kingine. Hapakuwa na ua wala jina.

Aliigeuza upande wa pili. Nyeupe. Akapapasa katikati, mahali ambapo jina la kanga hukaa. Akautazama tena mfuko, akaisoma saini yake.

"Daktari, unaona maandishi yoyote hapa?"

Gakii alisogea. "Sioni. Ni shuka?"

"Naomba nifungue mlango, nitoke mara moja."

"Ngoja nifunike. Haya."

Ushorobani taa ya dari iliwaka, na kanga ikajaa mikononi mwake: maua mekundu ya mkorosho kila pembe, na katikati, kwa herufi nyekundu kubwa, MNUNE MSINUNE KWANGU HATOKI, n ya kwanza imefifia kidogo. Arafa alisimama nayo mpaka alipohakikisha. Akabisha, akarudi ndani. Maneno yakapotea.

"Ni nyekundu juu ya nyeupe," alisema Gakii, aliyekuwa akimtazama. "Humu hakuna rangi nyingine ya kuzitenganisha. Nyeupe inarudisha nyekundu, wino mwekundu unarudisha nyekundu ile ile, jicho halioni mpaka. Ndiyo sababu sisi hatuandiki na kalamu nyekundu juu ya visahani."

"Mlinzi wangu aliisoma kanga hii Ijumaa. Ndani ya chumba cha Nyaboke, kwa taa nyekundu peke yake."

"Hawezi."

"Amenitajia mpaka herufi iliyofifia."

Gakii alisimama na kisahani mkononi. Kisha akakirudisha ndani ya kabati, akakifungia, akavua glavu moja moja.

Kwenye chumba cha Nyaboke walizima taa nyeupe aliyoiacha Arafa ikiwaka asubuhi, wakawasha ile nyekundu ya ukutani peke yake. Mwanga ulikuwa mwekundu. Mtu akiulizwa angesema ni mwekundu, na asingeulizwa mara ya pili. Lakini Arafa alipoikunjua kanga, maua yalikuwapo, na jina lilikuwapo, jekundu juu ya kitambaa kilichoingia zambarau.

Gakii alitoa kwenye sanduku kipima-mwanga, chombo cha ukubwa wa simu, akakielekeza kwenye taa. Kwenye kioo chake kulichorwa vilima viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi pembeni yake.

"Hiki kirefu ni nyekundu," alisema.

"Na kile kifupi?"

"Bluu." Alikishika chombo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Jumapili niliingia hapa nikawasha nyeupe hapo hapo. Sikuitazama hii."

"Nami nilikuta nyeupe imeshawaka."

Arafa alingoja balbu ipoe, akaifungua kwa leso ya mfukoni. Ilipozimwa haikuwa nyekundu hata kidogo. Ilikuwa damu ya mzee, rangi ile ile ya bendera zilizoning'inizwa mji mzima mwezi wa kumi na mbili.

Karakana ya matengenezo ilikuwa chini kabisa, karibu na mashine za kupoza hewa. Mzee Haji, fundi umeme, mtu wa Pemba aliyekuwa akilala Umm Salal na mafundi wenziwe, alikaa kwenye kigoda akisafisha feni kwa mswaki wa meno.

"Shikamoo, mzee Haji."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na globu yangu."

"Ni yako?"

"Nimeitia mwenyewe Alhamisi, baada ya alasiri. Imeungua tena?"

"Inawaka. Uliitoa wapi?"

"Waliniambia kwa simu, taa nyekundu ya chumba cha giza inakufa. Kule haitakiwi kulala bila taa. Stoo globu nyekundu zimekwisha, zimeagizwa, hazijafika. Nikafungua sanduku la sikukuu ya taifa, zile tulizopambia lango. Nikaijaribu hapa, ikawaka nyekundu. Nikapanda nayo, nikafungua kwa ufunguo, nikavuta mlango polepole maana pale chini pana kanga ya yule binti. Nimeiacha vile vile."

"Hii ni damu ya mzee, mzee wangu."

"Na damu ya mzee si nyekundu?" Haji alitabasamu upande mmoja. "Mimi mzee, hebu nikate uone."

Arafa hakucheka, wala hakumkatiza. "Kuna mtu aliyekwambia isiwe na bluu ndani?"

"Bluu? Mtu anaomba nyekundu, mie nimpelekee bluu?"

"Imo humo. Kuipata rangi hii kiwandani wamechanganya nyekundu na bluu. Daktari ameipima sasa hivi."

Haji aliuweka mswaki juu ya gazeti. Akaichukua balbu, akaizungusha karibu na jicho, kisha mbali.

"Jicho langu halikuiona."

"Hakuna jicho lililoiona. Langu pia."

"Seli zao zimeiona."

"Zimeiona tangu Alhamisi mpaka Jumapili."

Mashine za hewa zilinguruma. Haji aliirudisha balbu kwenye leso, akaikunja ncha kwa ncha.

"Wanamfukuza nani kwa ajili yake?"

"Nyaboke. Saa tisa."

"Yule aliyefiwa." Alinyanyuka, mkono mmoja kiunoni. "Basi niandike mimi."

"Nitaandika kilichotokea."

"Ndiyo mimi hicho. Ngoja nivae viatu."

Mwaura alikuwa na karatasi mbele yake na kalamu imefunguliwa walipoingia. Alikuwa mtu nadhifu wa Nyeri, asiyepandisha sauti. Arafa aliweka mezani balbu, kanga, na maelezo ya Rashidi yenye saini. Akaeleza kwa mpangilio: mlango uliokazana Alhamisi, taa iliyobadilishwa alasiri ile, kanga iliyong'olewa Ijumaa, jina lililosomeka mahali lisipoweza kusomeka. Gakii alionyesha vile vilima viwili. Haji alisimama nyuma yao na kofia yake mkononi.

"Anaweza kuwa aliitisha taa mbaya makusudi," alisema Mwaura.

"Aliomba nyekundu," alisema Haji. "Nimeipokea simu mimi. Hii nimeichagua mimi, naye hakuwapo."

"Na maagizo yangu kwa matengenezo yanasema taa nyekundu, basi," alisema Gakii. "Hayasemi zaidi. Nitayaandika upya leo."

Mwaura aliitazama balbu. "Kwa hivyo si hujuma. Sasa faili niiandike nini?"

"Andika taa," alisema Arafa.

"Mzee atapata barua ya onyo, na huyu mlinzi. Lazima kuwe na kitu ndani."

"Nipe," alisema Haji, akanyoosha mkono kabla barua haijaandikwa, kisha akaona hakuna kitu cha kupokea, akaurudisha. Aliondoka na Gakii.

Arafa alikwenda kumwita Nyaboke. Alikuja na begi lake, akasimama mbele ya meza. Hakuketi, ingawa kiti kilikuwapo.

"Nyaboke, tumepata ni balbu," alisema Mwaura. "Si wewe. Hii karatasi imekufa. Unaweza kurudi kazini kesho. Pole kwa usumbufu."

"Sawa."

Mwaura alifunika kalamu. Nyaboke alikuwa bado amesimama.

"Kuna kingine?"

"Hiyo tiketi."

"Usijali, tunaifuta sasa hivi."

"Msiifute. Iwe ya ruhusa."

"Ruhusa gani?"

"Ile niliomba."

Mwaura alimtazama Arafa, naye Arafa alikuwa akiifunga kanga kwenye mfuko wake. "Nyaboke," alisema Mwaura taratibu, "mazishi yalishapita."

"Najua. Walinionyesha kwa simu. Walikuwa wanamshusha, mtandao ukakatika. Sikuona mwisho." Sauti yake ilikuwa ile ile ya chumba cha chai. "Seli zimekufa zote. Zingine zitachukua wiki kukua. Hakuna kitu kinaningojea kwa hicho chumba."

Saa ya ukutani ilikaribia wakati wa kufunga ofisi. Huko nje basi la kwanza la wafanyakazi lilikuwa limeshawasha injini. Mwaura alivuta droo, akatoa fomu nyingine, ya rangi ya kijani, akaandika jina la Nyaboke na tarehe. Alipofika katikati ya ukurasa kalamu ikasimama.

"Sababu niandike nini?"

"Mazishi," alisema Nyaboke.

Mwaura akaandika mazishi, akagonga muhuri.